Maji Matupu

Kazi iliingia Jumanne saa tano usiku, niko kwa keja nikichemsha maji ya ugali. Mteja alitaka makala ya maneno 1,000: mbinu kumi za wiki ya mwisho kabla ya kuvuna bangi, kwa mtu anayekuza nyumbani kwake. Malipo shilingi 1,500. Asubuhi iwe tayari. Nilijibu "iko sawa" kabla hata sijamaliza kusoma ujumbe, kwa sababu kodi ilikuwa imechelewa siku nane na keateka alikuwa ameanza kuniita kwa majina yangu yote matatu.

Niseme mapema: sijawahi kukuza bangi. Hapa kwetu hata mche mmoja kwenye mkebe wa rangi ni kesi. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 iliweka kifungo kinachoweza kufika miaka 20 kwa anayeikuza. Wasomaji wa mteja wangu walikuwa Kanada, ambako tangu tarehe 17 Oktoba 2018 sheria ya nchi inaruhusu nyumba moja kukuza miche minne, ingawa majimbo mengine yaliweka vikwazo vyao. Mwezi mmoja kabla ya hapo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikuwa imeamua kwamba mtu mzima akikuza ya kwake faraghani asitendewe kama mhalifu. Ujerumani ilifuata Aprili 2024, miche mitatu kwa mtu mzima. Kwa hiyo kuna watu duniani ambao hofu yao kubwa kuhusu bangi ni kama harufu yake itafanana na limau au na dizeli. Mimi naishi Githurai. Mwaka ule kijana wa ploti yetu alishikwa na msokoto mmoja, akalala ndani siku nne, akapoteza kibarua chake cha kupakia mizigo. Wiki hiyo hiyo mimi nililipwa kwa sababu ya mmea huo huo. Niliona ajabu kidogo, halafu nikalipa kodi.

Basi nikaandika. Ukishazoea kazi hii unajua hauhitaji kujua kitu ndio ukiandike. Unafungua makala kumi za wengine, unachukua kile kinachorudiwa, unakisema kwa maneno yako. Kikirudiwa mara kumi unakiita ukweli.

Mbinu ya kwanza, ile ambayo kila mtu anaitaja, ni kuosha mmea kwa maji matupu. Wiki moja au mbili kabla ya kuvuna unaacha mbolea kabisa. Unamwagilia maji peke yake, tena mengi, mpaka majani yageuke manjano. Maelezo yake yanaingia akilini haraka: mmea umekula mbolea miezi mitatu, mbolea imejaa kwenye maua, usipoitoa moshi utakwaruza koo na majivu yatakuwa meusi. Maji yanaosha. Nani hajui kwamba maji yanaosha?

Ya pili ni giza: siku mbili za mwisho uufunike mmea usione mwanga, eti utatoa utomvu zaidi. Ya tatu, barafu kwenye mizizi. Ya nne, upigilie msumari kwenye shina, au ulipasue shina lenyewe katikati, mmea ushtuke. Ya tano, molasi kwenye maji ili ladha iwe tamu. Ya sita, taa ya miale ya UV. Nilipofika kwa msumari nilicheka peke yangu. Kijijini kwetu Nyeri mpapai ukikataa kuzaa hupigiliwa msumari. Mwaka unaofuata ukizaa, sifa zote zinaenda kwa msumari. Usipozaa, watu wanasema msumari ulikuwa mdogo.

Nikafika kumi saa tisa usiku. Kwenye mbinu ya kwanza niliongeza sentensi yangu mwenyewe, ambayo sikuitoa popote. Niliiandika kwa sababu aya ilikuwa imepwaya na nilitaka mwisho wenye nguvu: usivune kamwe kabla ya kuosha siku 14. Kamwe. Nilipenda vile neno hilo lilivyokaa pale mwisho. Nikatuma, nikalala.

Hiyo ilikuwa Agosti. Oktoba mteja alinitumia barua ya msomaji, akaniambia nimwandalie majibu, atanilipa mia tatu. Msomaji alikuwa mzee wa Ontario. Alikuwa amepanda miche minne nyuma ya nyumba kwa ajili ya mke wake, ambaye matibabu yalikuwa yamemwachia maumivu na usiku usio na usingizi. Alikuwa amefuata makala yangu. Maua yalikuwa yamekomaa mwishoni mwa Septemba, na yeye alijua yamekomaa, lakini hakuwa ameosha. Akahesabu siku 14. Siku ya tisa mvua ya vuli ilianza na haikukatika. Ukungu wa kijivu uliingia ndani ya maua makubwa, yale mazito yaliyo juu, ukayala kutoka ndani. Aliokoa tawi moja.

Hakuwa analalamika, na hilo ndilo lililonishinda. Alikuwa anauliza alikosea wapi. Labda hakutumia maji ya kutosha? Labda maji yalikuwa baridi sana? Alikuwa amechora jedwali la siku na lita.

Niliuliza mteja nijibu nini. Akasema: mwambie mwaka ujao aanze kuosha mapema. Nikaandika hivyo, kwa upole, na salamu kwa mke wake. Mia tatu iliingia kwa simu kabla sijafunga kompyuta.

Usiku huo ndio nilianza kusoma kwa kweli, miezi miwili nikiwa nimechelewa. Nisichojua kuhusu mimea ni kingi, lakini kuna vitu vimepimwa na mtu yeyote anaweza kuvisoma. Kuna tasnifu ya uzamili ya mwaka 2017 ya Chuo Kikuu cha Guelph, kule kule Ontario anakoishi yule mzee. Mwandishi wake alipima kama kuosha kunaondoa madini kwenye maua. Hakukuyaondoa kwa kiasi cha maana. Ukifikiria, ni jambo la kawaida. Madini yaliyokwisha kuingia kwenye mmea yamekuwa sehemu ya mwili wake. Kumwagia mizizi maji hakuyatoi kwenye ua, kama vile wewe kunywa maji mengi leo hakutatoa mifupa yako kalsiamu ya maziwa uliyokunywa utotoni. Yale majani ya manjano ambayo wakulima wanayaona kama dalili ya usafi ni njaa. Mmea umenyimwa nitrojeni, ukaanza kuitoa kwenye majani yake wa zamani ili uishi.

Halafu kuna jaribio la kampuni ya Colorado inayoitwa RX Green Technologies. Walichukua aina moja ya bangi, Cherry Diesel, wakaigawanya: nyingine haikuoshwa kabisa, nyingine siku 7, nyingine 10, nyingine 14. Wakapima kemikali, halafu wakawapa watu waivute bila kuambiwa ipi ni ipi. Nguvu ilikuwa ile ile. Ladha, ulaini wa moshi, rangi ya majivu, hakuna tofauti. Kama kulikuwa na upande ambao wavutaji waliuelekea, ni ule wa siku sufuri. Kampuni hiyo huuza mbolea, kwa hiyo ina faida yake mkulima akiendelea kuweka mbolea hadi mwisho, na hilo ni sawa kulikumbuka. Lakini Guelph hawakuwa wanauza mbolea, na wote wawili walielekea upande mmoja.

Taa ya UV nayo ina hadithi nzuri. Mwaka 1987 utafiti mmoja ulionyesha kwamba miale hiyo inaongeza THC. Watu waliishikilia karatasi hiyo zaidi ya miaka 30, taa zikauzwa. Mwaka 2021 watafiti wa Guelph wakajaribu tena kwa aina za bangi za siku hizi. Haikuongezeka.

Nataka kuwa mkweli hadi mahali panaponiumiza: si kila mbinu ni hewa. Mwaka 2019, Guelph hao hao walichapisha jaribio la kuunyima mmea maji katika wiki ya saba ya kutoa maua, kama siku 11 hivi, mpaka majani yakalegea kwa kiasi walichokipima. Kiwango cha THC katika umbo lake la asidi kilipanda kwa kama asilimia 12. Kwa hiyo kuna kitu cha wiki za mwisho kilichofanya kazi pale, kwenye aina moja ya mmea, ndani ya chumba kinachodhibitiwa. Angalia sasa ni kitu gani: maji kidogo. Mimi nilikuwa nimemwambia yule mzee amwage mengi.

Kinachobaki baada ya kusoma yote hayo hakifai kuuzwa kama mbinu. Mbegu. Mwanga. Mizizi yenye afya. Kuvuna siku ambayo mmea umekomaa badala ya siku ambayo kalenda yako inataka. Kukausha polepole mahali penye hewa bila kukimbilia. Hivyo vinachukua miezi, na kimoja tu kati yake ndicho kinachohusu wiki ya mwisho: kuangalia na kuamua. Mzee alikuwa ameangalia. Macho yake yalimwambia vuna. Sentensi yangu ikamwambia ngoja.

*

Sasa swali langu, na si swali la kilimo. Nilifanya kosa gani hasa?

Utetezi wa kwanza ni kwamba sikujua. Ni kweli sikujua. Lakini hakuna aliyenizuia kujua. Karatasi zile zilikuwepo usiku ule wa Agosti kama zilivyokuwepo usiku wa Oktoba. Niliandika "kamwe" bila kujua, na neno "kamwe" linamwambia msomaji kwamba mwandishi anajua. Uongo wangu ulikuwa hapo, kuhusu mimi, hata kabla ya kuwa uongo kuhusu bangi. Hata kama kuosha kungekuwa kunafanya kazi, bado ningekuwa nimedanganya.

Utetezi wa pili ni mzito zaidi, na rafiki yangu mmoja aliutoa tukiwa tunakula chapo na madondo. Alisema: wachana na hiyo maneno, msee. Hao watu wanapenda hizo mbinu. Mtu amekaa na mmea miezi minne, imebaki wiki moja, hawezi kukaa tu akiangalia. Mpe kitu afanye kwa mikono. Mvua ni bahati mbaya, wewe si mungu wa mvua. Wengine elfu moja waliosha siku 14 na wakavuna fiti na wakafurahi.

Nililala na hoja hiyo siku kadhaa kwa sababu ina ukweli. Wiki ya mwisho ina uzito wake. Kila mtu aliyewahi kusubiri kitu anaujua. Matokeo ya mtihani, majibu ya daktari, mtoto kuzaliwa. Kila kilichowezekana kimeshafanywa na bado mikono inatafuta kazi. Tuna desturi za wakati huo, na sitaki kuzicheka. Shosho wangu huombea kahawa yake kabla ya kuchuma. Hajawahi kusema maombi yanaongeza kilo.

Kuna jaribio la Harvard la mwaka 2010 ambalo lilinisaidia kufikiria. Ted Kaptchuk na wenzake waliwapa wagonjwa wa tumbo vidonge visivyo na dawa yoyote, na wakawaambia waziwazi kwamba havina dawa. Wagonjwa 80 walihusika. Waliopewa vidonge hivyo walipata nafuu kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Kwa hiyo desturi inaweza kumsaidia mtu bila kudanganywa. Unaweza kumwambia: hii haina kitu ndani, lakini ifanye, inaweza kukutuliza. Anafanya, anatulia. Ukweli haukuharibu kitu.

Hilo linaondoa utetezi wa rafiki yangu. Kama lengo langu lingekuwa kumpa mzee kitu cha kufanya kwa mikono yake, ningemwambia: imwagilie maji matupu ukitaka, haitadhuru sana, haitasaidia sana, na siku ukiona maua yamekomaa, kata. Angepata desturi yake na angebaki na macho yake. Halafu pia mmea hauna imani. Mgonjwa wa Kaptchuk anaweza kupona kidogo kwa kutunzwa na kusikilizwa. Ua la bangi halijui kama umeliombea, umelipigilia msumari au umelisomea makala. Linajua maji, mwanga, na ukungu.

Nikaendelea kufikiria, nikaona dhara lingine ambalo hata mvua isingenyesha lingekuwepo. Ukimwambia mtu kwamba ubora unatengenezwa wiki ya mwisho, umehamisha sifa na lawama. Aliyevuna vizuri atashukuru maji matupu, na hatakumbuka asubuhi zote 100 alizoamka kuangalia wadudu chini ya majani. Aliyevuna vibaya atachora jedwali la lita akitafuta kosa katika siku tisa, wakati hakuwa na kosa lolote. Ile barua ilikuwa ya mtu aliyefanya kila kitu vizuri akiomba msamaha kwa kosa lisilokuwepo. Mimi ndiye niliyempa hilo kosa. Na alipouliza, nikamwongezea lingine: anza mapema.

Kwa hiyo nikiulizwa kama uongo usioumiza ni uongo, siku hizi nauliza aliyeuliza amefuatilia hadi wapi. Mimi nilikuwa nimefuatilia hadi kwa malipo.

*

Kuna sababu barua ile ilinishika shingo kuliko ilivyostahili, na sitakuwa nimekuwa mkweli nikiiacha nje.

Nilitoka chuo mwaka wa tatu. Karo ilikuwa sehemu ya sababu, lakini sehemu tu. Sehemu kubwa ni kwamba nilisoma kama vile makala yangu inavyokuza bangi: wiki ya mwisho. Muhula mzima niko nje, halafu siku nne kabla ya mtihani natafuta noti za watu, nakesha kwa majani ya chai, na mara mbili nilibeba mwakenya kwenye soksi. Mwaka wa kwanza ilifanya kazi. Nilipata alama ambazo hazikuwa zangu na nikaamini ni zangu. Mwaka wa pili nikaanza kuwa na masomo ya kurudia. Mwaka wa tatu yalikuwa mengi kuliko yale mapya, na siku moja sikuenda, na kesho yake pia sikuenda.

Mamangu sikumwambia. Mpango wangu, na ninaona aibu kuuita mpango, ulikuwa kwamba nitatafuta doo, nitarudi, nitafanya yote niliyobakisha kwa mkupuo, na mahafali yakifika nitakuwa nimeshika karatasi. Mwaka ukapita, ukaanza mwingine. Kila mwezi nilikuwa naona mahafali bado yako mbali, na kwamba wiki ya mwisho itatosha. Mathe alikuwa ananisifu kwa chama chake. Alijiunga na mzunguko wa pili ili apate pesa ya sherehe. Alinunua kitenge. Mjomba aliahidi matatu ya kubeba watu wa Nyeri.

Nilimwambia wiki moja kabla ya siku yenyewe, Desemba, miezi miwili baada ya barua ya Ontario. Nilipanda gari asubuhi bila kumpigia. Nilimkuta anapepeta maharagwe. Nikamwambia wima, kabla sijakaa, kwa sababu nilijua nikikaa nitakula, na nikila sitasema.

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Ungeniambia mapema, ningelia mapema nikamaliza."

Nikasema, "Pole, Mami."

"Si digrii inaniuma," akasema. "Watoto wangapi hawana digrii. Ni vile mwaka na nusu nimekuwa nikiamka naomba Mungu akusaidie na mitihani. Ulikuwa unaniacha naomba kuhusu kitu hakiko."

Nimeifikiria sentensi hiyo kuliko kitu chochote nilichosoma darasani. Yule mzee alikuwa anamwaga maji kwa ajili ya kitu kisichokuwepo. Mamangu alikuwa anaomba kwa ajili ya kitu kisichokuwepo. Wote wawili walikuwa wanafanya kazi ya upendo kwa bidii, na mimi ndiye niliyekuwa nimewaelekeza mahali pasipo na kitu.

Hapa ndipo ninapogombana na hitimisho langu mwenyewe. Kama wiki ya mwisho haibadilishi ubora, basi kukiri kwangu wiki ya mwisho kulikuwa na faida gani? Mwaka na nusu ulikuwa umeshaharibika. Kitenge kilikuwa kimeshashonwa. Kuna methali tuliyofundishwa sote, samaki mkunje angali mbichi, na mimi nilikuwa nimekauka zamani.

Nafikiri jibu ni kwamba nilikuwa nachanganya vitu viwili vinavyofanana kwa nje. Kuna kitendo cha mwisho kinachojaribu kufanya yaliyopita yaonekane mengine. Mwakenya ni hivyo, na maji matupu ni hivyo: miezi ya mbolea ionekane kama haikuwepo. Halafu kuna kitendo cha mwisho kinachosema yaliyopita yalikuwa hivi. Cha kwanza kinaahidi ubora. Cha pili hakiahidi chochote, kinazuia tu hasara isiongezeke. Nilipomwambia Mami sikuwa mwanafunzi bora zaidi ya nilivyokuwa jana yake. Lakini matatu ya mjomba haikutoka Nyeri na watu kumi na wanne kuja kunitafuta kwenye umati wa majoho. Hiyo ni kama kukata tawi lililobaki kabla ukungu haujalifikia. Ni kidogo. Ni tawi moja.

*

Nilibaki nyumbani wiki mbili. Desemba kahawa ya Nyeri iko tayari, na Shosho hachumiwi na mtu bure, kwa hiyo nilichuma. Jioni unabeba gunia hadi kiwandani, na kabla karani hajapima unamwaga zote chini kwenye turubai unazichambua: nyekundu huku, za kijani na zilizokauka kule, ziende kwa mbuni, ambayo bei yake ni ya kusikitisha. Nilikuwa nimechoka na nimechuma kwa pupa, za kijani zilikuwa nyingi. Nikamwambia Shosho tuzichanganye chini ya gunia, karani haangalii chini.

"Karani haangalii," Shosho akakubali. Hakuacha kuchambua. "Lakini zikishakobolewa zinapitia kwa mfereji wa maji. Nyepesi zinaelea. Utaficha wapi?"

Nimeona mfereji huo tangu utotoni na sikuwahi kuufikiria. Kahawa inapitishwa kwenye maji, nzito inazama, nyepesi inasukumwa mbele. Maji hayaiboreshi hata punje moja. Yanaonyesha tu ilikuwaje ilipokuwa mtini. Shosho alizitoa za kijani zote, moja moja, akazitia kwenye debe lake. Hakuzilaani. Alisema mti bado upo.

Niliporudi Githurai nilimwandikia mteja. Nilimwambia nataka kuandika makala ya kusahihisha ile ya kwanza, bila malipo, na nimjibu yule mzee upya. Alisema makala ile inasomwa sana, iachwe ilivyo, na anwani za wasomaji hawezi kunipa. Nikaomba aitoe ile sentensi ya siku 14 peke yake. Akasema ataangalia. Baadaye kazi zikaacha kuja kutoka kwake, na sijui kama ni kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo deni lipo. Mzee wa Ontario hasomi Kiswahili na insha hii haimlipi chochote. Pengine mwaka uliofuata alianza kuosha mapema, kama nilivyomwambia, akawa na jedwali jipya. Pengine mvua haikunyesha, akaamini kabisa kwamba ni maji, na sasa anamfundisha jirani yake.

Bado naandika vitu nisivyovifanya, ndio kazi yangu. Wiki iliyopita ilikuwa pampu za visima. Nilichobadilisha ni kidogo: nikikuta sentensi ambayo sikuitoa popote, ambayo imekuja tu kwa sababu aya inataka mwisho mzuri, naifuta. Makala zinatoka fupi. Mteja mmoja amelalamika kwamba zinaishia ghafla.